Mmea wa Madoa Mlangoni: Utambue Kabla Mtoto Hajauonja

Mtu apitaye katika mtaa wa Jericho, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, huweza kuona mbele ya milango makopo na madebe yaliyopandwa mimea ya kupamba nyumba. Desturi hiyo ni njema, wala hatuna neno la kuilaumu. Lakini mmoja katika mimea ya namna hiyo wataka kujulikana sawasawa na wazazi wenye watoto wadogo, nao ni ule ambao wataalamu huuita Dieffenbachia. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Jina limetokana na Joseph Dieffenbach, aliyekuwa mkuu wa watunza bustani za kifalme za Schönbrunn, Vienna, katika karne ya 19.

Kwanza tazama shina. Ni nene, la kijani, lenye maji mengi, wala si gumu kama mti. Limezungukwa na alama kama pete, na kila pete ni mahali palipotoka jani la zamani. Kwa hiyo hufanana na muwa mchanga, na hapo ndipo penye hatari, maana kila mtoto ajua kwamba miwa hutafunwa. Kisha tazama jani. Ni pana, refu kuliko kiganja cha mtu mzima, lenye ncha, na katikati yake mna madoa meupe au ya manjano hafifu, hali ukingo mara nyingi ni wa kijani. Kikonyo chake hulikumbatia shina kama ala ikumbatiavyo kisu.

Wengine huudhania kuwa nduma, ambayo watu wa pwani huiita majimbi. Kweli mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja. Lakini nduma haina shina lililosimama. Vikonyo vyake virefu hutoka chini udongoni, na jani lake lina umbo la moyo.

Nduma mbichi nayo huwasha, ndiyo sababu mama zetu huichemsha sana. Ndani ya Dieffenbachia mna chembe za oksaleti ya kalisi, zenye ncha kama sindano, ndogo hata hazionekani kwa macho. Mtoto atafunapo shina au jani, humchoma ulimi na koo. Mate humtoka, ulimi huvimba, pengine asiweze kusema. Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya muwa wa bubu. Kufa ni nadra, lakini uvimbe ukizidi waweza kuziba pumzi.

Likitokea jambo hilo, mtoe mtoto mabaki kinywani, msukutue kwa maji, kisha mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Usimtapishe. Akishindwa kumeza, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali upesi pamoja na kipande cha mmea, ili daktari autambue. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji mengi kwa robo saa, kisha mwone daktari.

Si lazima kuung'oa. Rafu ya juu asiyoifikia mtoto yatosha. Naye aukataye anawe mikono kwa sabuni, wala asitupe vipande uani wanapochezea watoto.