Je, Wajua? Farasi wa Mbio Akistaafu Hurudi Darasani

Je, wajua kwamba farasi wengi wa mbio huanza kushindana wakiwa na miaka 2 au 3 tu, na wengi huachishwa mbio kabla ya miaka 10, ilhali huweza kuishi miaka 25 au zaidi?

Nchini Uingereza, shirika la Retraining of Racehorses limekuwa likiwasaidia wastaafu hao tangu mwaka 2000. Kwanza farasi hupumzishwa malishoni. Nafaka hupunguzwa na nyasi huongezwa, ili mwili na akili vitulie.

Kisha masomo huanza. Kwenye mbio, hatamu ikikazwa farasi huegemea lijamu na kuzidi kukimbia. Sasa lazima ajue kwamba hatamu ikivutwa, apunguze mwendo. Hata kupandwa ni somo jipya: joki mara nyingi huinuliwa hadi mgongoni farasi akiwa anatembea, hivyo wengi hawajazoea kusimama tuli wakimngoja mpandaji.

Wanaofuzu hucheza polo, huruka viunzi au hutembeza watu mashambani. Farasi Kauto Star, mshindi wa mbio za Cheltenham Gold Cup mwaka 2007 na 2009, alistaafu mwaka 2012 akaanza kufunzwa dresaji, mchezo wa utulivu na hatua za kupimwa.