Unyoya Wenye Damu: Yampasayo Kujua Mwenye Kukata Mabawa ya Kuku

Watu wa Nandagala, wilayani Ruangwa, wajua vema jinsi kuku awezavyo kuvunja ujirani. Mbaazi hazijachipua vizuri, na kuku wa nyumba ya pili wamekwisha kuruka ua na kuzifukua. Ndipo mwenye kuku huambiwa awafunge au awakate mabawa. Naye, kwa kutaka amani, huchukua mkasi. Ushauri huo nimeutoa mara nyingi, na siku moja niliutekeleza vibaya kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama mmoja alikuwa na tetea sita. Niliwakata bawa mmoja baada ya mwingine bila kulitazama upande wa chini, maana jua lilikuwa likichwa nami nina haraka ya kwenda zangu. Tetea wa nne, aliyekuwa ametoka kulea vifaranga, alitokwa na damu. Nikadhani ni jambo dogo, nikamwachia aingie bandani pamoja na wenzake. Asubuhi mama yule alinijia akasema, "Bwana Shamba, yule uliyemkata jana wenziwe wamemla bawa." Alikuwa amekwisha kufa, na ndiye aliyekuwa auzwe kwa ajili ya madaftari ya mtoto. Nilimlipa tetea mwingine, lakini tangu siku ile sikati bawa kwa haraka.

Sababu yake ni hii. Unyoya uliokomaa ni kama ukucha: mwanzi wake ni mkavu na mtupu, na ukikatwa ndege hasikii maumivu. Lakini unyoya unaokua ni kitu chenye uhai. Ndani ya mwanzi wake mna mshipa unaoulisha damu mpaka ukomae, ndipo damu hurudi na mwanzi hukauka. Kwa unyoya mkubwa wa bawa la kuku kazi hiyo huchukua majuma sita hivi. Ukivunjika au kukatwa kabla ya hapo, mwanzi huwa kama bomba lililo wazi, na damu hupita humo.

Wala kuku hana damu ya kupoteza. Tetea wa kilo moja na nusu ana damu ipatayo nusu kikombe cha chai tu. Njiwa hana zaidi ya vijiko vidogo vinne au vitano. Matone ambayo kwa mbuzi si kitu, kwa ndege huweza kuwa mauti.

Basi kabla ya kukata, mkunjue kuku bawa mchana, mahali penye mwanga, ulitazame kwa chini. Manyoya makubwa ya nje ni kumi kwa kawaida. Ulio mbichi una mwanzi mnene, laini, wenye rangi ya samawati iliyoiva au ya zambarau karibu na nyama, na mara nyingi umevikwa ganda jembamba. Uliokomaa una mwanzi mweupe, mgumu. Kwa kuku mweusi macho hudanganya, kwa kuwa mwanzi wake waweza kuwa mweusi hata ukikomaa. Huyo mpapase kwa kidole, na ukiwa na shaka mwache. Usikate ulio mbichi, na uache mmoja uliokomaa kila upande wake uukinge. Wengi wakiwa wabichi, ngoja mwezi mmoja na nusu. Kata bawa moja tu, ili kuku akose mizani anaporuka. Tetea aliyemaliza kuatamia, mara nyingi hubadili manyoya. Huyo mchunguze kuliko wote.

Damu ikitoka, mfunike kuku kwa kitambaa ili giza limtulize, lakini usimbane kifua, maana ndege hupumua kwa kukiinua na kukishusha. Tia unga laini wa mahindi au wa muhogo penye mwanzi uliovunjika, kisha ubane kwa kitambaa safi dakika tano, bila kufunua-funua. Usitumie tumbaku wala mafuta ya taa. Hayo ni sumu kwake. Damu ikikoma, muweke peke yake kwenye tenga au chumba kidogo hadi kesho yake. Rangi ya damu huwaita kuku wengine wadonoe, na wakianza hawaachi. Hilo ndilo lililomwua tetea wa yule mama.

Ikiwa damu haikomi, mwite afisa mifugo. Akiwa mbali na hali ni mbaya, unyoya ule hauna budi kung'olewa. Mmoja amshike kuku; wa pili aushike imara mfupa wa bawa mahali unyoya unapotokea, kwa kuwa mfupa ule huvunjika upesi. Ushike unyoya kwa koleo karibu na nyama, uvute mara moja, kwa kunyoosha, kufuata njia uliyoota, usiuzungushe. Kisha ubane tundu kwa kitambaa safi bila kutia unga ndani. Njiwa na kifaranga usiwajaribie kazi hii. Na ujue kwamba unyoya uliong'olewa huanza kuota tena mapema, nao utakuwa na damu kama ule wa kwanza, ilhali uliokatwa hubaki hivyo hivyo mpaka ndege abadili manyoya.

Si mkasi peke yake uvunjao manyoya. Kuku wakishtuliwa usiku na paka au nyoka hujipigiza ukutani. Ziba matundu ya banda, ng'oa misumari na ncha za waya, wala usiwajaze kupita kiasi. Wapelekwao kuuzwa Ruangwa au Nachingwea hushikwa mabawa, kisha husukumizwa ndani ya tenga huku manyoya yakitokeza nje na kukwaruzana na baiskeli njia nzima. Mshike kuku kwa mikono miwili, mabawa yamekunjwa mwilini, na kabla ya kufunga tenga pitisha mkono pande zote uyarudishe ndani manyoya yaliyotokeza.