Bwana Hammond na Watu wa Chini

James Henry Hammond wa South Carolina, Marekani, mwana wa mwalimu, hakurithi utajiri, aliuoa. Ndoa yake ya mwaka 1831 ilimpatia shamba la pamba la Silver Bluff na watumwa 147. Jembe walishika wao. Sifa ya ukulima bora akapewa yeye!

Tarehe 4 Machi, 1858, alitamba katika Baraza la Seneti kuwa pamba ni mfalme. Lakini, ndugu wafanyakazi, sikilizeni aliyoyaongeza: kwamba kila jamii haina budi kuwa na tabaka la watu duni wa kufanya kazi za sulubu, na kwamba vibarua wa Kaskazini, japo hulipwa mshahara, nao ni watumwa, ila wao huajiriwa kwa siku.

Alikufa Novemba 1864, akiwa na watumwa zaidi ya 300. Mwaka uliofuata utumwa ukafutwa Marekani nzima.