Kisu Hufia Alani

Nilikuwa kina cha mita 9 hivi, kaskazini mwa Unguja, mshipi wa nailoni ulioachwa na mvuvi ulipojizungusha kwenye pezi la mguu wangu na kwenye shingo ya mtungi wa hewa. Nikapeleka mkono muundini, nikashika mpini wa kisu, nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili; kimegandana na ala yake. Mwenzangu alinifikia, akaukata mshipi kwa mkasi wake, tukapanda juu taratibu.

Jioni ile nilikichomoa kwa koleo. Bapa lilikuwa na madoa ya rangi ya mdalasini, na pale chuma kinapoingia kwenye mpini kutu ilikuwa imejenga ukoko. Kisu hicho nilikinunua miezi minne tu kabla, na ubavuni kilichongwa maneno ya kuahidi kwamba hakishiki kutu.

Wengi wetu tunailaumu bahari. Mimi naona bahari inasingiziwa. Kisu kinapokuwa majini kikitembea, maji mapya yanapita juu yake muda wote. Kinachokiua ni yale matone machache yanayobaki ndani ya ala sisi tukishakwenda zetu kula.

Chuma kisichoshika kutu hakina miujiza. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13 uliostahimili siki na maji ya limau. Sheffield ulikuwa mji wa wafua visu, kwa hiyo visu vikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo kutengenezwa kwa chuma kile. Siri yake ni ngozi. Kromiamu hushikana na oksijeni na kuuvika uso wa chuma utando mwembamba mno, usiofika hata sehemu kumi za milioni moja za milimita. Ukiukwaruza hujiziba wenyewe, ilimradi oksijeni ipo. Ndani ya ala iliyobana maji yametuama na oksijeni imekwisha. Utando ukichanika hauzibiki tena, kloraidi iliyomo katika chumvi inapenya, na tundu dogo kama ncha ya sindano linaanza kuchimba. Juu unaona doa, na chini yake pana shimo.

Mbona basi vijiko vya nyumbani havifanyi hivyo? Vijiko vingi vina kromiamu asilimia 18 pamoja na nikeli, lakini chuma hicho ni laini, hakikubali makali ya kudumu. Kisu kinahitaji kaboni ili kiwe kigumu, na kaboni hiyohiyo hujichukulia sehemu ya kromiamu iliyopaswa kulinda uso. Ndiyo maana kisu kinachodumisha makali mara nyingi huwahi kushika kutu kuliko kinachoyapoteza upesi. Hilo linawaudhi wanunuzi, lakini ndivyo chuma kilivyo.

Kisha kuna chumvi yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35. Maji yakikauka chumvi hubaki, na ndani yake mna chumvi za magnesiamu zinazovuta unyevu kutoka hewani. Kila mpishi wa pwani anajua chumvi ya mawe inavyolowa koponi wakati wa masika. Kisu ulichokipangusa kwa taulo mchana bila kukisuuza hulowa upya usiku, kikiwa kimelala begini.

Kutu ikishaingia, usikimbilie gurudumu la mnoaji. Nawaheshimu mafundi wanaonoa kwa baiskeli mitaani, ila jiwe lile limenoa mapanga na majembe kutwa nzima, na chembe za chuma cha kawaida zilizobaki juu yake hujipachika kwenye kisu chako na kuota kutu siku ya pili. Sufi ya chuma ya kusugulia masufuria ina kasoro hiyohiyo. Jiki ndiyo mbaya kupita zote, kwani kloraidi yake inamaliza kazi ambayo bahari imeianza.

Anza na maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mzee. Visu vingi vya wazamiaji vina skrubu kitakoni mwa mpini. Ifungue, maana kutu mbaya zaidi imejificha humo. Kwa madoa mepesi, changanya baking soda na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, usugue kwa dodoki kufuata urefu wa bapa. Upande wa meno chukua uzi mnene wa pamba, upake mchanganyiko huo, uupitishe jino kwa jino. Kazi hii inakula muda, na sijapata njia ya mkato.

Ukoko ukigoma, loweka bapa la kisu katika siki kwa nusu saa, ukikitazama mara kwa mara. Usikiache usiku kucha, kwani asidi ikimaliza kutu huanza kukila chuma chenyewe. Kitoe, kisugue kwa brashi ya shaba au ya plastiki, kipitishe kwenye maji yenye baking soda ili ukali wa siki uishe, suuza, kausha papo hapo. Mabaki huondoka kwa msasa laini wa namba 600 au zaidi uliotiwa mafuta. Vishimo havifutiki. Vikifika kwenye makali, kisu hicho kipe kazi ya kukata chambo, usikitegemee tena chini ya maji.

Kinga yenyewe ni maji baridi ya kutosha, na hapa watu wa pwani tuna tatizo ambalo maelekezo ya viwandani hayalijui. Visima vingi karibu na ufukwe vina maji ya chumvichumvi. Ukisuuza kisu kwa maji hayo umepunguza chumvi tu, hujaiondoa. Yaonje kwanza. Kama yana munyu, tumia maji ya mvua au ya kunywa. Nusu lita ndani ya kopo inatosha kukilowesha kisu pamoja na ala yake, kila kimoja peke yake. Kisha vikauke vikiwa vimeachana, ala ikiwa kichwa chini. Halafu pakaza mafuta ya cherehani, tone moja tu, uyatandaze kwa kitambaa, bila kugusa mipira ya vifaa vya kuzamia. Mafuta ya nazi yatakusaidia siku chache, lakini baadaye huchacha.

Wacheza kaiti, wanaovutwa juu ya maji na tiara, kwenye fukwe za Paje na Diani wana hatari kubwa kuliko sisi wazamiaji. Wembe wao wa ndoano, wa kukatia kamba upepo ukiwazidi, hukaa ndani ya kifuko cha kitambaa mkandani, na kitambaa kilicholowa maji chumvi hakikauki msimu mzima wa kusi. Nimeona nyembe za namna hiyo ambazo zisingekata hata uzi wa kushonea. Wembe huo ni wa bei ndogo. Ubadilishe kila msimu.

Ukiwa na fedha, nunua cha titaniamu, ambacho hakishiki kutu kabisa ingawa makali yake huisha mapema na yanataka kunolewa mara kwa mara. Siku hizi zipo pia aina za chuma cha pua ambamo nitrojeni imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni, nazo huvumilia chumvi vizuri sana, ila bei yake inauma.

Mimi bado natumia cha kawaida. Kinaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha la jiko, ala ikiwa pembeni yake. Mashuani, kabla ya kujitosa, nakichomoa mara moja, nakitazama pande zote mbili, nakirudisha, kisha namwomba mwenzangu achomoe chake.