Bei ya Jina Moja

Wakala wa bima anayenunua majina ya watu wanaotarajiwa kukata bima huuliza kwanza: jina moja shilingi ngapi? Hilo, mpenzi msikilizaji, ni swali la kununulia nyanya. Tuseme amenunua majina 100 kwa shilingi 10,000, wakakata bima watu 2. Kila mteja amemgharimu 5,000. Mwenzake kanunua majina 40 kwa 16,000, akapata wateja 8, yaani 2,000 kila mmoja. Kamisheni ikiwa 3,000, yule wa bei rahisi amekula hasara, kabla hata ya kuhesabu simu na nauli. Huenda majina yake yalikwishauzwa kwa mawakala wengine watano! Aweke daftari la kila orodha, na mwakani aangalie ni wateja gani wamelipia tena.