Usonji, Yoga na Hisi ya Ndani

Katika madarasa ya yoga, mojawapo ya amri zinazosikika mara kwa mara ni hii: "Sikiliza mwili wako." Kwa wanafunzi wengi amri hiyo ni nyepesi. Kwa mtu mwenye usonji yaweza kuwa fumbo, kwa sababu mwili wake ama hupiga kelele kutoka kila upande kwa wakati mmoja, ama hukaa kimya mpaka maumivu yamekwisha kufika. Hata hivyo wako watu wenye usonji ambao hawaishii kufanya yoga tu, bali huifundisha. Elimu ya mfumo wa neva inatusaidia kuelewa jambo hilo, na mwalimu wa somo lolote ana la kujifunza humo.

Usonji ni nini?

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliopenda upweke na kuchukia mabadiliko. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto waliofanana nao. Kwa miaka mingi baadaye lawama ilitupwa kwa akina mama, ikidaiwa kwamba ubaridi wao ndio uliowafunga watoto ndani ya nafsi zao. Dai hilo lilitikiswa sana mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walipochunguza mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa pacha wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Chanzo kikubwa, basi, ni urithi.

Leo wataalamu huutazama usonji kuwa ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani na kudumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Kwa kadirio hilo, shule yenye wanafunzi 1,000 yaweza kuwa nao wapatao wanane, wajulikane au wasijulikane. Aghalabu asiyejulikana huitwa mtukutu, mvivu au mkaidi, na huadhibiwa kwa jambo asiloweza kulizuia.

Zaidi ya milango mitano

Shuleni hufundishwa milango mitano ya fahamu. Kwa hakika iko mingine. Ndani ya sikio kimo kiungo cha mizani kinachouarifu ubongo kichwa kimeelekea wapi. Katika misuli na kano zimo chembe zinazopima mvutano, hata mtu akajua mkono wake ulipo bila kuutazama. Tena iko hisi ya ndani, inayoleta habari za moyo, pumzi, njaa, kiu na kibofu. Habari hizo hupanda kwa neva, hususan neva ya vagasi, hadi sehemu ya ubongo iitwayo insula. Hapo huchangia pia kujenga hisia kama hofu na utulivu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwapima watu wazima 20 wenye usonji uwezo wa kutambua mapigo ya mioyo yao. Usahihi wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao wasio na usonji, ijapokuwa wao wenyewe waliamini kwamba wanauhisi mwili kwa nguvu zaidi. Kadiri pengo kati ya imani na usahihi lilivyokuwa pana, ndivyo wasiwasi ulivyozidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye washiriki 121, lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa mafunzo ya kutambua mapigo ya moyo. Baada ya miezi mitatu, asilimia 31 ya waliofunzwa walikuwa wamepona maradhi ya wasiwasi, ikilinganishwa na asilimia 16 katika kundi la ulinganisho. Kilichopungua ni wasiwasi. Usonji wenyewe ulibaki pale pale.

Yoga inaingia wapi?

Yoga ilizaliwa Bara Hindi. Patanjali aliigawa katika matawi manane: la tatu ni mkao wa mwili, la nne ni utaratibu wa kupumua, na la tano, pratyahara, ni kuzirudisha hisi ndani, mfano wa kobe anavyoingiza miguu na kichwa chini ya gamba lake. Mtu ambaye taa, harufu na sauti humchosha upesi hahitaji kuelezwa faida ya gamba hilo.

Pumzi nayo ina kazi yake. Mwaka 2001 watafiti waliwachunguza watu wazima 23 wenye afya walipokuwa wakisali rozari au kukariri mantra za yoga. Katika hali zote mbili pumzi zilipungua zikawa takriban 6 kwa dakika, na mfumo wa mwili unaosawazisha shinikizo la damu ukawa mwepesi zaidi wa kuitikia. Kwa watoto wenye usonji, utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliwapa yoga darasani kila siku kwa wiki 16; walimu walieleza kwamba tabia za usumbufu zilipungua kuliko katika kundi la ulinganisho. Kipimo kikuu kilikuwa maoni ya walimu, kwa hiyo matokeo hayo yapokewe kwa hadhari.

Mwenye usonji akiwa mwalimu

Mtu aliyejifunza mkao kwa taabu huwa anajua hatua zake moja moja. Mwalimu wa namna hiyo hasemi "legea", husema "shusha mabega mbali na masikio, kisha toa pumzi ukihesabu hadi nne." Mtindo huo wa maelekezo bayana hauko mbali na ule wa B.K.S. Iyengar (1918–2014), aliyesifika kwa usahihi wa mikao na kwa kutumia mikanda, kamba na vipande vya mbao. Somo hufuata mpangilio ule ule kila siku, taa hupunguzwa, ubani hauchomwi, wala mwanafunzi haguswi bila kuulizwa. Liko pia jambo la usalama: viungo vinavyopinda kupita kiasi huonekana zaidi kwa watu wenye usonji. Mwanafunzi anayejikunja kwa urahisi asisifiwe haraka. Afundishwe kukaza misuli inayokishikilia kiungo.

Je, mtu mwenye usonji aweza kufikisha maarifa kwa wengine? Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walipanga watu katika minyororo, kila mmoja akimsimulia mwenzake hadithi. Minyororo ya watu wenye usonji watupu iliihifadhi hadithi sawa na ile ya wasio na usonji. Iliyochanganywa ndiyo iliyopoteza zaidi. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2025 haukuona hasara hiyo hata kwa waliochanganywa. Katika tafiti zote mbili wenye usonji walipashana habari vema kama watu wengine. Mawasiliano yanapokwama, basi, si haki kumtwika mmoja mzigo wote.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja afumbe macho na, bila kujishika popote, ahesabu kimyakimya mapigo ya moyo anayoyahisi kwa sekunde 30, pasipo kukisia. Mwenzake amshike kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo halisi. Hesabu zote ziandikwe ubaoni bila majina. Darasa litaona kwamba wako wanaokaribia kabisa, wako wanaokosea kwa mbali, na wako wasiohisi lolote. Kisha mwalimu aulize: amri ya "sikiliza mwili wako" ingetolewa hapa, nani angeitii, na nani angeadhibiwa bure?