Gombe: Kwa Nini Mwenye Mafua Hapaswi Kupanda Mlimani

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kwa mkazi wa Kigoma au Ujiji, mwisho wa wiki katika milima ya Gombe ni safari iliyo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Hifadhi ya Taifa ya Gombe ipo takribani kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, na kwa kuwa haifikiki kwa gari, wageni wote huingia kwa njia ya maji. Kundi la marafiki likipanda boti katika mwalo wa Kibirizi siku ya Jumamosi asubuhi, jioni linaweza kuwa limekwisha kusimamisha hema zake Kasekela, mbele yao Ziwa Tanganyika na nyuma yao miteremko inayopanda hadi zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo huwashangaza baadhi ya wananchi wanapofika. Mtu aliyelipa ada zote na kubeba mahitaji yake yote anaweza kuzuiwa kupanda kwenda kuwaona sokwe mtu kwa sababu tu anapiga chafya. Wapo wanaodhani kuwa huo ni usumbufu. Makala haya yanaeleza sababu ya katazo hilo.

Gombe yenyewe, kama inavyofahamika leo duniani, ilianza na hema. Tarehe 14 Julai, 1960 mtafiti Jane Goodall alishuka katika ufukwe huo akiwa na mama yake, wakapiga kambi, na utafiti ulioanza siku hiyo unaendelea hadi sasa. Wakati huo eneo lilikuwa pori la akiba. Lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Sokwe mtu walichukua muda mrefu kuwazoea watu. Ndizi zilizotolewa kambini ziliwavuta wakawa wanakuja karibu, jambo lililorahisisha utafiti lakini pia likafupisha umbali kati yao na magonjwa ya binadamu.

Mwaka 1966 ugonjwa unaoaminika kuwa polio ulizuka miongoni mwao, baada ya ugonjwa huo kuwapata watu wa maeneo ya jirani. Baadhi ya sokwe walikufa. Wengine walipooza viungo. Watafiti walilazimika kuwapa chanjo ya matone iliyowekwa ndani ya ndizi. Utaratibu wa kuwalisha ndizi ulipunguzwa baadaye na hatimaye ukasitishwa kabisa.

Kusini mwa mkoa huu wa Kigoma, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, hali kama hiyo ilijitokeza mwaka 2006. Ugonjwa wa njia ya hewa ulipita katika kundi la sokwe lililozoeshwa kuonwa na watu, na wapatao 12 walikufa au hawakuonekana tena. Uchunguzi wa sampuli zilizokusanywa katika milipuko ya miaka hiyo ulibaini virusi vya jamii ya vile vinavyosababisha mafua kwa binadamu.

Sababu yake inaeleweka. Sokwe mtu ni jamaa wa karibu mno wa binadamu kimaumbile. Chembe za urithi za viumbe hawa wawili hufanana kwa takribani asilimia 98. Kirusi kinachoweza kushika koo la mtu kinaweza kushika la sokwe pia. Tofauti ni kwamba mafua ambayo sisi huyamaliza kwa siku tatu, kwa chai ya tangawizi na kulala mapema, kwa mnyama asiyewahi kukutana nayo huweza kugeuka homa ya mapafu. Pigo hilo pia halizibwi upesi. Gombe ina sokwe mtu wapatao mia moja tu, na jike huzaa kwa wastani mara moja katika miaka mitano hivi. Wakifa kumi katika msimu mmoja, pengo hilo litachukua miaka mingi kuzibika.

Ndiyo maana wageni hupanda katika makundi madogo wakiongozwa na mtaalamu wa hifadhi, huvaa barakoa, hukaa umbali usiopungua mita 10, na muda wa kuwatazama sokwe hauzidi saa moja. Sokwe akisogea, mgeni ndiye anayerudi nyuma. Watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa kuwa huugua mafua mara nyingi na si rahisi kuwadhibiti.

Kambini nako kuna wajibu wake. Nyani wa Gombe ni wezi hodari, na hema lililoachwa wazi likiwa na mkate ndani halitachukua muda kuvamiwa. Hasara ya mkate ni ndogo. Kinachohofiwa zaidi ni mate ya mtu yaliyobaki kwenye tunda lililoumwa au karatasi iliyopengewa kamasi, vitu ambavyo mnyama huvibeba hadi msituni. Chakula kifungiwe, taka zirudishwe, choo kitumike kilichopo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa isifungashwe kabisa, kwani imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019.

Kuhusu safari yenyewe, wananchi wanashauriwa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuondoka, kwa kuwa upepo wa ziwani hubadilika ghafla, na wasipande chombo kisicho na jaketi okozi kwa kila abiria. Wahakikishe pia usafiri wa kurudi siku ya Jumapili kabla ya kwenda. Ada hulipwa kwa utaratibu wa Serikali wa kumbukumbu namba ya malipo, na raia huonesha kitambulisho ili atozwe kiwango cha Mtanzania.

Ugumu mkubwa, kwa maoni ya mwandishi, hauko kwenye kanuni bali kwenye aibu. Hakuna anayependa kuwa ndiye atakayewaharibia wenzake safari iliyochangiwa kwa miezi, hivyo mtu humeza dawa ya kikohozi na kunyamaza. Ni vema marafiki wakakubaliana mapema, siku ya kuchanga fedha, kwamba atakayeamka na mafua atasema wakiwa bado Kibirizi, na kwamba hatalaumiwa.

Atakayebaki hatakosa pa kwenda. Ujiji ipo kilomita chache tu kutoka Kigoma mjini, na makumbusho yake yapo mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Pale ipo miembe inayosimuliwa kuwa imetokana na ule wa awali, na chini ya kivuli chake mtu anaweza kukohoa bila kumdhuru sokwe yeyote.